Sanduku Jekundu la Diski 45: Tathmini ya Usanifu wa Storage Pod kwa Mjenzi wa Klasta ya Data Kubwa

Mwezi Septemba 2009 kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo biashara yake ni kutunza nakala za data za wateja, ilifanya jambo lisilo la kawaida: ilianika hadharani michoro, orodha ya vipuri na bei ya sanduku inalotumia kuhifadhia data hizo. Sanduku lenyewe liliitwa Storage Pod. Lilikuwa la bati lililopakwa rangi nyekundu, lenye kimo cha 4U kwenye raki, yaani karibu sentimita 18, na ndani yake zilisimamishwa wima diski 45 za terabaiti 1.5 kila moja. Jumla ilikuwa terabaiti 67 kwa dola za Marekani 7,867. Toleo la pili, lililotoka mwaka 2011, lilibeba terabaiti 135 kwa dola 7,384, na la sita, la mwaka 2016, liliongeza idadi ya diski hadi 60.

Nimeshiriki kuunda masanduku mawili ya aina hii kwa kufuata michoro hiyo, vipuri vikitoka kwa wauzaji tofauti, na baadaye sanduku la tatu ambalo tulilipunguza kwa makusudi. Ninayoyaandika hapa ni tathmini ya usanifu, si ya kampuni wala ya huduma yake, na ninaupima kwa haja ya mtu mmoja tu: anayejenga klasta ya data kubwa (kundi la kompyuta zinazochakata data kwa pamoja kama mashine moja), mwenye fedha kidogo za kununulia, na ambaye ankara ya umeme ya kila mwezi inamuuma kuliko bei ya siku ya kwanza. Mtu huyo nitamwambia mapema kwamba usanifu huu ni mzuri mno kwa data iliyolala, na kwamba kwa data inayochakatwa mchana na usiku haufai mpaka ukatwe karibu nusu.

Tuanze na urahisi wake, maana ndio ulioupa sifa. Katika toleo la kwanza kila diski ilihesabiwa kwa dola 120, kwa hiyo diski peke yake zilichukua dola 5,400 na kila kitu kingine kikabaki na dola 2,467: bati, ubao mama, prosesa, kumbukumbu, pawasaplai mbili, feni, kadi na kebo. Zaidi ya theluthi mbili ya fedha ilikwenda kwenye kitu kinachotunza data hasa, na petabaiti nzima (terabaiti 1,000) ikagharimu kama dola 117,000. Wanaonunua mifumo iliyokamilika wanajua kwamba uwiano huo kwa kawaida huwa kinyume, na kwamba katika ankara zao diski ni kipande kidogo kilichozungukwa na leseni, mikataba ya matengenezo na nembo.

Unafuu huo haukupatikana kwa ujanja wa kiwandani. Ulipatikana kwa kukubali mambo ambayo mnunuzi wa kawaida angeyakataa. Ubao mama ulikuwa wa kompyuta ya mezani, na kumbukumbu yake haikuwa ya aina inayojisahihisha. Pawasaplai mbili hazikusaidiana: kila moja ilikuwa na sehemu yake ya sanduku, na ikifa mojawapo, sanduku zima lilitoka kazini. Hapakuwa na kadi ya gharama ya kusimamia diski, bali vibao tisa, kila kimoja kikigawa njia moja ya SATA (kiungo cha kawaida cha diski) kwa diski tano, na juu yake Linux ya Debian ikizipanga diski katika makundi matatu ya 15 kwa RAID 6, mpango unaoliwezesha kundi kupoteza diski mbili bila kupoteza data. Wabunifu waliyakubali hayo kwa sababu walikwisha kuamua kwamba sanduku moja likizima, programu iliyo juu yake ndiyo itakayobeba msiba. Mwaka 2015 walilitamka wazi kwa mpango wao wa masanduku 20 yanayofanya kazi kama moja: kila faili hukatwa vipande 17, huongezewa vipande vitatu vya hesabu ya Reed-Solomon (inayowezesha vipande vilivyopotea kuundwa upya kutoka kwa vilivyobaki), na kila kipande hukaa katika sanduku lake, hivyo masanduku matatu yanaweza kupotea kwa pamoja na data isiguswe.

Kwa mtu wa Hadoop, programu ya kuchakata data kubwa kwenye klasta, fikra hiyo si ngeni. HDFS, mfumo wake wa kuhifadhi faili, imezaliwa ikiamini kwamba mashine hufa, na tangu mwanzo imependelea diski zilizo wazi, zisizofungwa katika RAID. Lakini kuna jambo moja la unafuu huu ambalo nisingeliiga hata kwa sanduku la bei ya chini kabisa, nalo ni kumbukumbu isiyojisahihisha. HDFS hukagua kila baiti 512 kwa namba ya uhakiki, na namba hiyo huhesabiwa data ikiwa tayari ndani ya kumbukumbu. Biti ikigeuka kabla ya hesabu, mfumo utaitunza data iliyoharibika kwa uaminifu mkubwa na kuisambaza katika nakala zote. Tofauti ya bei kati ya kumbukumbu hizo mbili, ukiigawa kwa diski 45, haifiki hata bei ya kebo za diski hizo.

Sasa umeme. Diski ya inchi 3.5 inayozunguka bila kusoma wala kuandika hula kati ya wati 5 na 8. Tukichukua 6, diski 45 zinakula wati 270 wakati hakuna anayeziuliza chochote, na kwa mwaka hizo ni zaidi ya kilowatisaa 2,360. Mbunifu wa bati hana uwezo mkubwa juu ya namba hiyo. Anaweza kuchagua diski zilizojazwa heliamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 2013, ambazo gesi yake nyepesi hupunguza ukinzani kwa sahani zinazozunguka na kuruhusu sahani nyingi zaidi katika umbo lilelile, na anaweza kuchagua diski chache kubwa badala ya nyingi ndogo, kwa kuwa diski ya terabaiti 16 haili umeme mara nne ya ile ya terabaiti 4. Hilo la pili ndilo lenye faida kubwa, na kwa bahati nzuri ndilo lisilohitaji elimu yoyote. Yanayobaki mikononi mwake ni feni, pawasaplai na prosesa, na katika vitu hivyo vitatu Storage Pod imefaulu kimoja, imekosea kimoja, na cha tatu ni cha kubishania.

Imefaulu kwenye feni. Umeme wa feni hupanda kwa mchemraba wa kasi yake: ukipunguza kasi kwa asilimia 20, matumizi yanashuka karibu nusu. Seva nyembamba za 1U hulazimika kutumia vifeni vya milimita 40 vinavyolia kama nyigu, ilhali kimo cha 4U kinaruhusu feni za milimita 120 zinazosukuma hewa ileile kwa mzunguko wa polepole. Lipo pia jambo ambalo wengi hawalifuati ingawa lilichapishwa zamani: mwaka 2007 watafiti wa Google walichunguza diski zaidi ya 100,000 na hawakuona uhusiano mkubwa kati ya joto la wastani na kufa kwa diski, zilizokuwa na baridi zaidi hata zilikufa kwa wingi zaidi, na joto lilianza kudhuru pale tu lilipokuwa la juu kabisa. Katika sanduku letu la pili tuliziachia diski zipate joto la nyuzi 40 hivi badala ya kuzipepea hadi 28, tukawa tunaweza kuzungumza mbele ya raki bila kupaza sauti.

Imekosea kwenye pawasaplai, na kosa lenyewe lina mantiki yake. Diski inapoanza kuzunguka kutoka kusimama huvuta kama ampea 2 kwenye volti 12, wakati mwingine zaidi. Zidisha kwa 45 na unahitaji zaidi ya kilowati moja kwa sekunde kumi hivi, kabla ya mambo kutulia kwenye wati 400 au chini ya hapo. Ndiyo maana toleo la kwanza lilikuwa na pawasaplai mbili za wati 760, na maelekezo yalimtaka mtu aziwashe moja baada ya nyingine. Maana yake ni kwamba sekunde kumi, zinazotokea mara chache kwa mwaka, ndizo zilizoamua ukubwa wa kifaa kitakachofanya kazi robo ya uwezo wake siku zote zilizobaki. Pawasaplai hupenda kufanya kazi karibu na nusu ya uwezo. Kwa alama ya 80 PLUS Gold kwenye volti 115, kiwango kinadai ufanisi wa asilimia 90 katika nusu ya mzigo na 87 katika moja ya tano. Chini ya hapo kiwango hakidai lolote, na hapo ndipo baadhi ya vifaa huporomoka. Dawa imo ndani ya kiwango cha SATA chenyewe: pini ya 11 ya plagi ya umeme inaweza kuiamuru diski isubiri kuitwa kabla haijazunguka. Kibao kinachotumia pini hiyo kitaziamsha diski tano tano, kilele cha umeme kitashuka, na pawasaplai ya wati 600 itatosha mahali ambapo ungenunua wati 1,500. Ukisimama karibu na sanduku lililopangwa hivyo siku ya kuliwasha utalisikia likiamka kwa vikundi, mlio mmoja juu ya mwingine, kwa muda usiofika dakika mbili. Hakuna seva ya data ambayo dakika mbili hizo zitaidhuru.

Nikiwa bado kwenye pini, niseme jambo lililotupotezea siku tatu. Tulipobadilisha diski za sanduku la kwanza na kuweka mpya kubwa zaidi, kumi kati yake zilikaa kimya kabisa: hazikuzunguka, hazikuonekana kwenye Linux, na zilipochomekwa kwenye kompyuta ya mezani zilifanya kazi bila shida. Muuzaji alikuwa tayari kuzirudisha. Mwenzangu mmoja aliyezoea kusoma karatasi za kiufundi hadi mwisho ndiye aliyegundua kwamba kiwango kipya cha SATA kimeipa pini ya 3 kazi ambayo haikuwa nayo: ikipata umeme, diski hubaki imezimwa. Vibao vyetu, vilivyobuniwa kabla ya mabadiliko hayo, vilikuwa vikipeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo kwa nia njema. Tulikata vipande vya utepe wa kapton vyenye upana wa milimita chache, tukaziba pini tatu za kwanza za kila diski, na zote kumi zikaamka. Anayeagiza vibao leo aulize habari ya pini ya 3 kabla ya kulipa, maana utepe ule, diski ikitolewa na kurudishwa mara mbili tatu, huanza kujikunja.

La prosesa ndilo la kubishania. Kwa kazi ya Backblaze, ambayo ni kupokea faili na kuikalia, prosesa ndogo ya mezani ilitosha na kubaki. Kwa klasta inayopeleka hesabu kwenye data badala ya kuvuta data kwenye hesabu, diski 45 juu ya prosesa moja dogo ni sawa na ghala kubwa lenye mlango wa paka. Watu wengine wamekimbilia upande wa pili na kudai kwamba vibao vidogo vya simu, kimoja kwa kila diski, ndilo suluhisho la umeme. Huutaja mradi wa FAWN wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, uliochapishwa mwaka 2009, ambamo nodi 21 zenye prosesa za megahezi 500 na kadi za flashi za gigabaiti 4 zilijibu maswali zaidi ya 350 kwa kila juli moja (kipimo cha nishati). Matokeo yale ni ya kweli na ya kupendeza, lakini yalihusu maswali madogo madogo juu ya flashi. Ukiweka kibao chake, kumbukumbu yake, kebo yake ya mtandao na tundu lake la swichi kwa kila diski inayozunguka, kilichookolewa kwenye prosesa kinaliwa na swichi.

Kiini cha malalamiko yangu kiko kwenye uwiano wa diski, mtandao na idadi ya masanduku, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu. Chukua klasta ya petabaiti 9.6 ghafi iliyojengwa kwa masanduku kumi ya diski 60 za terabaiti 16, kila moja likiwa na mtandao wa gigabiti 10 kwa sekunde. Sanduku moja likifa na kila kitu kikiwa kimejaa, terabaiti 960 lazima ziundwe upya na masanduku tisa yaliyobaki. Ikiwa unatunza nakala tatu za kila kitu, kila sanduku lililobaki litapokea terabaiti 107 hivi, na mtandao wake ukitumika wote kwa kazi hiyo peke yake, zitapita karibu saa 24. Hilo linavumilika. Lakini hakuna anayejali umeme atakayetunza nakala tatu, kwa sababu nitakazozieleza punde. Atatumia usimbaji wa Reed-Solomon wa sita kwa tatu (vipande sita vya data, vitatu vya ziada) ulioingia HDFS pamoja na Hadoop 3.0 mwishoni mwa 2017. Katika usimbaji huo, kuunda upya bloku moja iliyopotea, yaani kipande kimoja cha faili, kunahitaji kusomwa bloku sita kutoka kwa wengine. Kila sanduku sasa linapokea terabaiti 640, na saa 24 zinageuka karibu siku sita za mtandao uliojaa pomoni, siku ambazo hakuna kazi nyingine ya maana itakayofanyika na ambazo sanduku la pili linaweza kufa.

Zigawanye petabaiti 9.6 zilezile kwa masanduku 25 ya diski 24 yenye mtandao wa gigabiti 25. Likifa moja, zimepotea terabaiti 384 tu, waliobaki kuziunda ni 24, na kila mmoja anapokea terabaiti 96. Kazi inaweza kumalizika kwa saa tisa. Bila shaka si bure. Umeongeza bao mama 15, na kila mmoja pamoja na prosesa, kumbukumbu na kadi ya mtandao unaweza kula wati 60 hadi 100, yaani wati 900 hadi 1,500 juu ya zile 3,600 zinazoliwa na diski zote 600. Lakini katika klasta ya data kubwa prosesa hizo hazikai bure, ndizo zinazofanya kazi ya uchakataji ambayo vinginevyo ungezinunulia seva nyingine.

Kuhusu nakala, ndiko uliko umeme ambao watu huutafuta kwenye bati. Petabaiti moja ya data halisi kwa nakala tatu inahitaji diski 188 za terabaiti 16. Kwa Reed-Solomon ya sita kwa tatu inahitaji 94, na kwa ile ya 17 kwa tatu ya Backblaze 74. Kwa wati 6 kila moja, hizo ni wati 1,128, 564 na 444. Hakuna feni, pawasaplai wala prosesa itakayokuokolea wati 500 kwa petabaiti. Mstari mmoja wa usanidi unafanya hivyo, na unakuokolea fedha za diski 94 pia. Nashangazwa na idadi ya wajenzi wanaobishana juu ya alama ya pawasaplai huku wakiwa na nakala tatu za kumbukumbu za seva za miaka minne iliyopita ambazo hakuna anayezisoma. Nakala tatu zibaki kwa data ya wiki hii, inayosomwa na kazi nyingi kwa wakati mmoja, kwa sababu hapo nakala ya ziada ni njia ya ziada ya kusomea.

Wapo wanaouliza kwa nini diski zisizimwe tu zinapokuwa hazitumiki. Ndani ya HDFS ya kawaida haiwezekani kwa faida, kwa sababu bloku hutawanywa kila mahali na faili moja kubwa inagusa karibu kila diski ya klasta. Diski ikilala itaamshwa baada ya dakika chache, na kila kuamka kunaitoza umeme na uchakavu. Waliofanikiwa walibuni vifaa na upangaji wa data kwa pamoja. Microsoft walieleza mwaka 2014 mfumo wao wa Pelican, wenye diski 1,152 katika raki moja ya 52U, ambamo asilimia 8 tu ya diski zinaweza kuzunguka kwa wakati mmoja, na kila kitu, kuanzia pawasaplai hadi upoozaji, kimepimwa kwa hizo chache. Facebook nao walijenga hifadhi baridi kwa fikra ya jamaa hiyo. Storage Pod haina uwezo huo, na isilaumiwe kwa kuukosa, lakini mnunuzi asiongopewe kwamba atazilaza diski zake kwa amri moja ya Linux kisha ankara ishuke.

Jirani wa karibu zaidi wa sanduku hili ni Open Vault wa mradi wa Open Compute, ulioanzishwa na Facebook mwaka 2011. Huo una kimo cha 2U na diski 30 katika trei mbili, hauna prosesa ya kuchakata data ndani yake, na huunganishwa kwa SAS (kiungo cha diski cha daraja la seva) na seva iliyo pembeni. Kwa ubora wa ufundi naupa nafasi ya juu kuliko Storage Pod: trei yake huvutwa mbele ikainama, diski ikabadilishwa na mtu mmoja. Kwa mjenzi mdogo, hata hivyo, umeandikiwa raki na umeme wa aina yake, ilhali Storage Pod inaingia kwenye raki yoyote ya inchi 19 na michoro yake inaweza kupelekwa kwa fundi yeyote wa bati mwenye mashine ya kukatia kwa leza. Yetu ilikatwa na kukunjwa kwa siku mbili.

Kubadilisha diski kwenye Storage Pod ni shughuli ya watu wawili. Diski moja ina uzito wa kama gramu 700, kwa hiyo 45 ni zaidi ya kilo 30 kabla hujahesabu bati, na sanduku lazima livutwe lote nje ya raki, kwa reli zake, ndipo kifuniko kifunguliwe kwa juu. Ndani unakutana na migongo ya diski zilizopangwa kama vitabu, zote zinafanana, hakuna taa ya kukuonyesha mgonjwa ni nani. Mara ya kwanza tulipopoteza diski, Linux ilisema ni sdk, na k ni herufi ya kumi na moja. Tulihesabu kutoka kushoto hadi ya kumi na moja, tukaivuta, na kundi la diski lililokuwa limepoteza mmoja likapoteza wawili, kwa sababu herufi hizo hutolewa kwa kufuata nani aliyejibu kwanza wakati wa kuwaka na wala hazina habari na nafasi ya mtu kwenye bati. RAID 6 ndiyo iliyotuokoa. Tangu siku hiyo namba ya utambulisho ya kila diski imeandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye ukingo wake wa juu, na ramani ya namba zote imebandikwa upande wa ndani wa kifuniko.

Mtetemo nao usidharauliwe. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg, akiwa Sun Microsystems, alionyesha hadharani kwamba kuzipigia kelele diski kwa mdomo kunachelewesha usomaji wake, na grafu ikapanda mbele ya macho ya watu. Diski 45 kwenye bati moja zinapigiana kelele wakati wote. Weka kiganja juu ya kifuniko cha sanduku lisilo na mipira ya kuzuia mtetemo na utahisi bati likiunguruma kwa mawimbi; weka mipira, na kinachobaki ni mtetemo mmoja mwembamba uliotulia. Katika sanduku letu la pili tuliibana mipira hiyo kupita kiasi tukidhani kubana ndiko kushika, na diski za safu ya katikati zikawa nzito kuandika kuliko za pembeni mpaka tulipolegeza.

Vibao vya diski tano ndiyo sehemu ambayo ningeiondoa bila kujuta. Diski moja ikianza kufa polepole, bila kujibu wala kukaa kimya, wenzake wanne walio kwenye njia moja husimama kuisubiri, na kazi ya Hadoop iliyokuwa inasonga mbele inakwama kwenye asilimia 97 bila maelezo. Backblaze wenyewe waliviacha vibao katika toleo la nne la mwaka 2014, wakaunganisha kila diski moja kwa moja, kisha wakavirudia katika matoleo yaliyofuata. Kwao, walio na programu iliyoandikwa kuyajua hayo, ilikuwa hesabu ya gharama. Mwaka 2022 walieleza kwamba wameanza kununua seva kutoka Dell badala ya kuendelea kuunda zao, kwa kuwa soko lilikuwa limewafikia. Anayenunua masanduku mamia afuate mfano huo. Anayenunua kumi huenda asipewe bei ileile, na kwake michoro bado ina thamani.

Sanduku letu la tatu, basi, ni Storage Pod iliyokatwa: bati fupi zaidi, diski 24, kigawanyi cha SAS badala ya vibao vya SATA, kumbukumbu inayojisahihisha, mtandao wa gigabiti 25, na pawasaplai mbili ndogo zinazosaidiana kweli, huku diski zikiamshwa kwa zamu. Masanduku mawili ya kwanza hatukuyatupa. Yamepewa data ya zamani yenye usimbaji wa Reed-Solomon na hayaguswi ila siku za ukaguzi. Kasoro moja tuliirithi bila kuiona: mkono unaobeba kebo za nyuma ulibaki na urefu wa mchoro wa awali, wakati kadi mpya ya mtandao inatokea upande wa pili wa sanduku, kwa hiyo ukilivuta hadi mwisho wa reli kebo inakaza na kiungo chake kinalegea. Kwa sasa tunalivuta kwa robo tatu tu na kubadilisha diski za safu ya nyuma kwa kuingiza mkono chini ya raki ya juu. Mchoro uliosahihishwa uko tayari kwa fundi, ukiwa na sentimita 20 za ziada.